Shangazi, boti ni ya nani?

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Naomba unifichie jina maana pale mwaloni Kibirizi watu wananijua hata kwa kikohozi. Niko Mwanga hapa Kigoma, nina miaka 38, ndoa yangu ina miaka 17 na watoto watatu, wa kwanza tumuite Zawadi (sio jina lake) yuko form three, wa pili wa kiume yuko la saba, wa mwisho bado yuko chekechea. Mume wangu simsemi vibaya Shangazi, hanywi, hanipigi, anaswali, akipata anatoa. Ndo maana hata kukuandikia nimeona aibu, nimeandika nimefuta mara tatu.

Mi biashara yangu dagaa tangu niko msichana, nilianza na beseni moja la mama. Sasa mwaloni si unapajua, dagaa wanashuka alfajiri, wanawake tumejipanga na mabeseni, na anayeamua nani ajaziwe kwanza ni nahodha. Kuwa na hela mkononi bado haitoshi, inabidi ucheke, utaniwe, ushikwe mkono, namba ya simu utoe, ukijifanya mkali unabaki na wale wa mwisho waliopondeka au unarudi na beseni tupu. Miaka kumi nimecheka Shangazi mpaka mashavu yakazoea. Nikasema siku moja na mimi nitakuwa na mtumbwi, nisimchekee mtu.

2023 nikaupata. Gawio la kikoba milioni tatu na laki mbili, hela ya dagaa niliyokuwa naweka kidogo kidogo kwenye simu milioni moja na laki nane, mume wangu akaongeza moja na nusu, tukanunua boti ya mbao na injini ya mtumba. Nyavu na taa nikamalizia mwenyewe kwa mkopo wa kikoba ambao nimeulipa mwaka mzima. Yeye ndo anatoka na vijana ziwani usiku, mimi napokea asubuhi, naanika, nauza. Siku ya kwenda kuisajili tulienda wote. Yule kijana wa dirishani akauliza mmiliki nani, nikasema mimi. Akacheka, wala sio kwa ubaya, akamwangalia mume wangu akasema mzee lete kitambulisho. Mume wangu akatoa. Na mimi Shangazi nikacheka nao. Niliona ni jina tu, mke na mume si kitu kimoja.

2024 ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, boti ilikaa juu ya mchanga na nyumba niliilisha mimi, vitumbua asubuhi, mawese jioni. Sikusema kitu. Zawadi alinisaidia sana na mpaka leo yule mtoto anaanika dagaa kabla ya kwenda shule, mdogo wake wa kiume akiamka anakuta chai.

Sasa mwezi uliopita niko mwaloni, mmoja wa vijana wetu ananiambia mama nasikia tunauzwa? Nikadhani utani. Kumbe mume wangu amemdhamini mdogo wake, ameweka boti na injini kwa mtu anayekopesha, milioni nne, shemeji alitaka kufungua duka la spea za bodaboda. Duka lenyewe hata liko wapi halijulikani. Mkopeshaji ameshaanza kupiga simu. Na mimi sikuambiwa, mwaloni wote walijua isipokuwa mimi.

Nilipomuuliza usiku akanijibu kwa upole kabisa, boti si ya familia, na mimi si ndo kichwa cha familia? Nikamwambia mimi ningeiweka rehani bila kukwambia ungekubali? Akacheka. Akasema mama Zawadi hayo mambo ya mfumo dume yalishaisha, rais mwanamke, spika tumekuwa naye mwanamke, wakuu wa wilaya wanawake, shuleni wasichana ndo wanaongoza, mikopo ya halmashauri mnapewa ninyi, siku hizi anayeonewa ni mwanaume, mnataka nini tena? Nikamweleza mama mkwe, akasema mwanamke anayehesabu hajengi. Nikasema kikobani, wenzangu wawili wakaniambia nishukuru, wenzangu wanapigwa mimi nalilia jina kwenye karatasi.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni Zawadi, maana alikuwa anasikia. Asubuhi tunageuza dagaa kwenye chanja akaniuliza, mama, kwani boti ni ya nani? Nikakosa jibu. Nikamwambia wahi shule.

Mi si mwanaharakati Shangazi na sitaki kuvunja ndoa yangu. Nataka uniambie ukweli, huo mfumo dume bado upo au uliisha na mimi ndo nina gubu? Na hii boti nifanyeje?

Mama Zawadi, Mwanga, Kigoma


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, mwakeye. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Gubu huna. Mwenye gubu hawezi kukaa mwaka mzima analipa deni la taa za boti yenye jina la mtu mwingine bila kufungua mdomo.

Kwa wasomaji wapya, mimi kabla ya kustaafu na kurudi zangu Ujiji nilikaa karani wa mahakama ya mwanzo miaka 19, hivyo mambo mengine nitakayosema hapa sikuyasikia saluni, niliyaandika kwa mkono wangu.

Nianze na hotuba ya baba Zawadi. Hajadanganya sana. Rais ni mwanamke, aliapa tarehe 19 Machi 2021, spika mwanamke tumekuwa naye, yote sawa. Ila iangalie vizuri hiyo orodha yake mwanangu, ukitoa hao wasichana wa shuleni na hiyo mikopo, vyote vilivyobaki ni vya wakubwa wenye ofisi. Ulimuuliza swali la chumbani akakujibu la Ikulu. Hata huo mkopo wa halmashauri, ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, na mkopo unarudishwa, hajapewa mtu sadaka, afu vijana wa kiume nao wamo humo humo kwenye nne ya vijana ila wao sijawahi kusikia wakisimangwa kwamba wanapendelewa.

Na hao wasichana wanaoongoza shuleni. Mpaka Novemba 2021 msichana akipata mimba shule ya serikali ndo basi tena, aliyempa mimba kama ni mwanafunzi mwenzake alikuwa anaweza kuendelea kuvaa sare. Aliyetangaza kwamba warudi darasani ni waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa Ndalichako, mbunge wa hapo hapo Kasulu Mjini. Juzi tu hiyo, Zawadi wako alikuwa shule ya msingi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vifungu vya 13 na 17 ilivyoandikwa, mvulana anaoa akifika 18, msichana anaolewa hata wa 15 mradi mzazi aridhie. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hiyo inapingana na katiba, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Jiulize, kitu kilichokwisha serikali inakikatia rufaa ya nini?

Lakini wewe hujaniuliza habari za mahakama ya rufani, umeniuliza habari za dirisha.

Hilo dirisha ndo limenikamata. Umesema kijana alicheka wala sio kwa ubaya, nakuamini. Mumeo akatoa kitambulisho wala sio kwa ubaya. Na wewe ukacheka. Watu watatu wazuri wamecheka dirishani na milioni tano zako zikahama mkono, hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyetukanwa. Watu wakisikia mfumo dume wanatafuta mwanaume mbaya mwenye fimbo, wakimkosa wanasema umeisha. Kwenu hakuna mwanaume mbaya. Kuna kijana wa dirishani ambaye kichwani kwake mwanamke hawezi kuwa na boti, basi, hiyo tu, na hiyo ilitosha.

Unajua hapo Kibirizi ndo watu wanapandia boti za kwenda Gombe. Mwaka 1960 yule binti wa Kiingereza Jane Goodall alipokuja kukaa na sokwe, wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa msichana akae porini bila mtu wa kumsindikiza, ikabidi aje na mama yake mzazi. Alikuwa mtu mzima wa miaka 26. Mi kila nikikumbuka hiyo nacheka, maana sokwe wenyewe wala hawakuuliza. Mwenzio alihitaji mama nyuma yake ndo aingie msituni, wewe miaka zaidi ya sitini baadaye ukahitaji mume pembeni ndo boti uliyoilipia ipate namba.

Kitu kingine kimo kwenye barua yako na wewe mwenyewe umekipita haraka kama mtu anayekwepa dimbwi. Miaka kumi ya kumchekea nahodha. Kushikwa mkono, kutoa namba ya simu usipotaka, ili ujaziwe beseni ambalo hela yake unayo mkononi. Hukukiita tatizo, umekiita mwaloni. Umekieleza kama mtu anavyoeleza hali ya hewa. Tangu 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana imeuweka unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai, lakini nani mwaloni atamshtaki nahodha wakati kesho alfajiri anamhitaji tena? Wewe ulitafuta njia yako ya kutoka, ukauza, ukaweka, ukanunua boti ili usicheke. Afu siku ya kuiandikisha ukacheka tena. Hapo ndo niliivua miwani.

Sasa sheria inasemaje, maana wenzako wa kikobani wamekwambia unalilia jina kwenye karatasi. Waambie hivi. Hiyo Sheria ya Ndoa kifungu cha 60 inasema mali ikipatikana kwenye ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa ni yake huyo peke yake mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa mna haki sawa sawa. Umeona karatasi inavyofanya kazi? Sasa hivi sheria haisemi boti si yako, inasema wewe ndo wa kuleta ushahidi na yeye akae tu asubiri. Ingekuwa ni nyumba mnayolala asingeweza kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, hiyo iko kifungu cha 59. Lakini boti sio nyumba, kwa hiyo yule mkopeshaji alitazama kadi ya usajili, akaona jina moja, akatoa hela. Huyo simpendi ila makosa yake siyaoni.

Najua utasema Shangazi si ilishaamuliwa kwamba jasho la mke linahesabiwa. Ni kweli, 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na mumewe Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa, na ile hukumu imewasaidia wanawake wengi mno nchi hii, nimeisikia ikitajwa mpaka nimeikariri. Kitu ambacho watu hawakisemi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, mahakama ilisema mumewe alishampa hela za kujenga nyumba akazitumia vingine. Alitushindia sisi, yeye hakupata. Na mgawanyo huo unakuja mkiachana. Wewe hutaki kuachana na mimi sikushauri uachike, kwa hiyo usikae unaisubiri hiyo hukumu kama mkombozi.

Kitu cha kukutisha kidogo, nisamehe. Mumeo analala ziwani. Ziwa halina adabu, Mungu amwepushie, lakini unajua. Boti ikiwa na jina lake peke yake, siku ya kugawa mirathi itahesabiwa mali ya marehemu, na wewe mjane mwenye watoto kwa sheria ya Kiislamu fungu lako thumni, moja ya nane. Moja ya nane ya boti yako mwenyewe! Na kwa wasomaji wangu wasio Waislamu wasidhani wamepona, ile sheria ya kimila iliyoandikwa na serikali mwaka 1963 inasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, eti fungu lake ni kutunzwa na watoto kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili washonaji wa Shinyanga walifukuzwa kwenye nyumba zao na wakwe kwa sheria hiyo, wakazunguka mahakama za nchi hii wakashindwa, mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake ikasema mwaka 2015 kwamba walibaguliwa. Nilipokuwa karani nimewaona wajane wa namna hiyo wamekaa kwenye benchi na kanga ya msibani, na karibu wote walisema kile ulichosema wewe, niliona ni jina tu.

Sasa nimtetee mumeo kidogo, maana sidhani kama kuna mtu amemuuliza kwa nini alifanya vile. Fikiria yuko na mdogo wake, mdogo wake anamwambia kaka nidhamini, boti si unayo. Angejibu nini? Boti ni ya mke wangu ngoja nikamuulize? Siku hiyo hiyo ukoo mzima ungesema amelishwa limbwata. Mama yake ndo angekuwa wa kwanza. Mi nakwambia aliweka sahihi kwa aibu kuliko kwa ubabe. Huo mzigo nao unatokana na kitu kile kile, yeye amefundishwa kwamba mwanaume haulizi nyumbani, na kwa kutouliza ameweka rehani kitu anachotegemea kula. Kwa hiyo anaposema mwanaume ndo anaonewa siku hizi, hajakosea kabisa, ila anayemwonea sio wewe wala rais. Ni hao wanaomchungulia wamwone kama ameulizia kwa mke.

Na jasho lake limo kwenye ile boti. Usiku wa ziwani mimi siuwezi, wewe huuwezi, na si unajua kuna wavuvi bado wanaamini mwanamke akipanda mtumbwi wa uvuvi ni mkosi. (Mkosi huo haujawahi kuzihusu hela zake wakati wa kununua injini, nimeona niseme tu.) Kwa hiyo sitakwambia ukadai boti iandikwe jina lako peke yako. Dai majina mawili.

Fanya hivi. Kabla ya kuongea naye kusanya kwanza. Daftari la kikoba lenye gawio lako, ukurasa ule upige picha na katibu akugongee muhuri kama upo. Nenda kwa kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala ya ile milioni moja na laki nane. Risiti za nyavu na taa, kama hakuna risiti nenda kwa aliyekuuzia akuandikie hata kwenye karatasi ya daftari, tarehe, kiasi, sahihi. Rejesho lako la mkopo mwezi kwa mwezi. Usimfiche mumeo kwamba unakusanya, ila usimtangazie pia.

Kuongea subiri mbalamwezi. Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa, atakuwa nyumbani, amelala usiku kama binadamu wengine, ana akili ya kusikiliza. Mwanaume aliyetoka ziwani asubuhi usimwambie kitu chochote cha maana. Na safari hii usianze na mfumo dume, hilo neno kwake ni kama filimbi ya mechi, akilisikia anaingia uwanjani. Anza na dini yake maana umesema anaswali. Mwambie akamuulize shehe wake mali ya mke ni ya nani. Atajibiwa kwamba alichochuma mke ni cha mke, mume hana ruhusa ya kukigusa bila ridhaa. Hiyo haikuletwa na mkutano wowote wa wanawake kule Beijing, hiyo anaijua tangu madrasa. Mi nimeona wanaume wagumu kama mninga wakilegea hapo.

Afu mwombe vitu viwili. Kwanza akuoneshe mkataba wa huo mkopo, wote, na riba, na tarehe ya mwisho, na shemeji aitwe akae mbele yenu aseme hela iko wapi, sio kwa kelele, aitwe kama mtu mzima aliyekopa. Duka lisilojulikana lilipo sio duka. Pili mwende wote kubadili usajili iwe majina mawili, na kama itachukua muda basi mwandikishiane makubaliano kwa wakili, kila mmoja kachangia nini, na kwamba boti na injini haviuzwi wala haviwekwi dhamana bila sahihi mbili. Wakili ni ghali, najua, lakini kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, anawajua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa na hawatakutoza. Na huko nenda mapema, kabla mkopeshaji hajaja na watu wa kubeba injini. Injini ikishabebwa, kuirudisha ni kesi, na kesi nazijua mimi.

Akikataa? Sio kwamba atakataa lakini tuseme. Basi kuanzia siku hiyo shilingi yako isiingie tena kwenye ile boti bila karatasi yenye jina lako. Nyavu zikichanika azishone mwenye kadi. Taa ikizimika awashe mwenye kadi. Sio ukatili mwanangu, ni hesabu, na huyo mama mkwe anayesema mwanamke anayehesabu hajengi muulize kwa heshima, hiyo boti ilijengwa na nani? Kwa heshima, nimesema. Hela yako rudisha kikobani mpaka uwe na ya kwako hata kama ni ndogo. Na kama siku moja huyo mpole akainua mkono kwa ajili ya hili, hapo ushauri wangu unabadilika wote, unaenda dawati la jinsia polisi, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na sitaki kusikia habari ya kuvumilia.

Hao wenzako wawili wa kikoba wanaosema ushukuru hupigwi, usigombane nao, wamezoea kipimo kibovu. Kama kutopigwa ndo zawadi basi tuwashukuru na majirani, nao hawatupigi.

Sasa zamu yako na wewe, maana hujanilipa nikusifie. Mwalimu Nyerere kwenye Azimio la Arusha mwaka 1967 alisema wanawake wa vijijini wanafanya kazi mpaka saa 12 au 14 kwa siku, na wanaume wa huko huko wako likizo nusu ya maisha yao. Miaka karibu 60 imepita. Rudi kwenye barua yako usome ulipoandika Zawadi anaanika dagaa kabla ya shule na mdogo wake akiamka anakuta chai. Umeandika kama sifa ya Zawadi. Huyo wa la saba nani amempa likizo? Sio baba yake, baba yake saa hizo yuko ziwani. Ni wewe mwanangu. Miaka ishirini mbele huyo kijana atakuwa amekaa kwenye dirisha fulani, binti wa watu atamwambia mmiliki ni mimi, na yeye atacheka, wala sio kwa ubaya.

Na Zawadi usimwambie tena wahi shule. Ameuliza swali zuri kuliko lako. Mjibu kama lilivyo: hela nyingi ni zangu, usiku wa ziwani ni wa baba yako, jina ni la baba yako, deni ni la baba yako mdogo, na mimi nashughulikia. Akiuliza zaidi mwoneshe daftari la kikoba, form three anajua kujumlisha.

Kesho asubuhi gawa chanja, nusu Zawadi nusu mdogo wake, chai baada ya hapo. Mwezi ukishakuwa mkubwa na mkishaongea niandikie alisemaje, hasa alisemaje shemeji, huyo mi namsubiri kwa hamu. Na hayo makaratasi usiyaweke chini ya godoro, nyumba zetu za huku zina panya.